Dakika Moja ya Kuanguka, Dakika Tano za Kushuka

Tarehe 16 Agosti 1960, Joseph Kittinger, kapteni wa Jeshi la Anga la Marekani, alijirusha kutoka kwenye kikapu cha puto lililokuwa mita 31,333 juu ya jangwa la New Mexico. Alianguka kwa dakika 4 na sekunde 36 kabla mwavuli wake mkubwa haujafunguka. Miaka 52 baadaye, tarehe 14 Oktoba 2012, Felix Baumgartner wa Austria aliruka juu ya jimbo hilohilo akiwa mita 38,969, zaidi ya kilomita saba na nusu juu ya pale alipoanzia Kittinger. Tena alichelewa kufungua mwavuli: Kittinger alifunguliwa wake akiwa kwenye mita 5,500 hivi, Baumgartner alisubiri mpaka karibu mita 2,570 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo alianguka kilomita kumi zaidi ya mwenzake. Mtu akiulizwa nani alikaa hewani muda mrefu kabla ya mwavuli, atamtaja Baumgartner bila kusita. Saa zilisema dakika 4 na sekunde 20 hivi. Alimaliza mapema.

Kitendawili hicho kinateguka vizuri kwa kuanzia chini, kwa watu wa kawaida na ndege za kawaida.

Wengi wanaouliza mruko wa mwavuli huchukua muda gani hawana mpango wa kupanda puto la heliamu. Wameona kwenye simu video ya mtu aliyerushwa juu ya ufuo wa Diani, kusini mwa Mombasa, akiwa amefungwa kifuani pa mkufunzi, mashavu yakipepea kama bendera. Au wameona picha za Palm Jumeirah ya Dubai zikipigwa kutoka angani na mtu anayeelekea huko huko. Jibu wanalopewa mara nyingi ni “dakika moja”. Dakika moja ipo kweli, lakini ni kipande tu, na kwa mteja wa mara ya kwanza huwa hata haitimii.

Mruko una vipande vitatu vyenye tabia tofauti kabisa: kuanguka, kufunguka kwa mwavuli, na kushuka chini ya mwavuli. Kila kimoja kina hesabu yake. Hesabu ya kuanguka inatabirika kwa ukaribu wa kushangaza. Ya kushuka inategemea mikono ya anayeendesha.

Tuchukue mruko wa futi 12,000 (marubani na warukaji wa nchi nyingi bado wanahesabu kwa futi, hizo ni mita 3,660 hivi), na mkufunzi anayefungua mwavuli akifika futi 5,500. Kati ya mlango wa ndege na kufungua mwavuli kuna futi 6,500, karibu mita 1,980. Kama dunia isingekuwa na hewa, mwili ungeanguka umbali huo kwa sekunde 20, na mwishoni ungekuwa unakwenda kilomita 700 kwa saa. Hakuna mteja anayefika huko, wala nusu yake. Anayetoa mkono nje ya dirisha la basi linalokimbia anajua kwa nini: kadiri mwendo unavyopanda, hewa inasukuma kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo haiongezeki polepole. Mwendo ukiwa mara mbili, msukumo wa hewa unakuwa mara nne. Hivyo mrukaji anayeanza kuanguka anaongeza kasi, hewa nayo inaongeza ubishi, mpaka kufikia mahali ambapo msukumo wa hewa kutoka chini unalingana na uzito wake. Hapo kasi haiongezeki tena. Kwa mtu mzima aliyelala kifudifudi, mikono na miguu imetanuliwa, kasi hiyo ya kikomo ni kilomita 190 hadi 200 kwa saa, yaani kama mita 54 kila sekunde. Anaifikia baada ya sekunde kumi na mbili hivi.

Hii ndiyo habari njema kwa anayetaka kukadiria. Kwa kuwa sehemu kubwa ya kuanguka inafanyika kwa kasi moja, hesabu inakuwa nyepesi kiasi cha kufanyika kichwani: chukua mita za kuanguka, gawanya kwa 54, kisha ongeza sekunde 4. Hizo nne ni fidia ya mwanzo, wakati mwili ulikuwa bado haujashika kasi. Kwa mfano wetu: 1,980 gawanya kwa 54 ni 37 kasoro, ongeza 4, unapata sekunde 41. Warukaji wenyewe wana njia yao ya zamani, nayo inafika karibu na hapo hapo: sekunde kumi kwa futi 1,000 za kwanza, kisha sekunde tano na nusu kwa kila futi 1,000 zinazofuata. Fanya hesabu kwa njia hiyo na utapata sekunde 40.

Na ile dakika moja maarufu? Hiyo ni ya mwenye leseni anayetoka kwenye futi 13,500 na kufungua kwenye 3,500. Futi 10,000 ni mita 3,048. Kanuni inatoa sekunde 60 kamili. Mteja wa mara ya kwanza anafungua juu zaidi. Chama cha warukaji cha Marekani, USPA, kinataka mwavuli wa watu wawili ufunguliwe si chini ya futi 5,000, wa mwanafunzi anayeruka peke yake futi 3,000, na wa wenye leseni za juu futi 2,500. Kila futi 1,000 anazoachiwa mzoefu ni sekunde tano na nusu za kuanguka anazopata zaidi ya mgeni.

Kanuni hii ina mambo matatu yanayoivuruga, na la kwanza ni uzito. Wengi walifundishwa shuleni kwamba vitu vyote huanguka sawa, nao walifundishwa kweli, ila sharti lake ni kutokuwepo kwa hewa. Angani mzito anashinda. Mtu wa kilo 100 mwenye umbo linalokaribiana na la mwenzake wa kilo 75 anaanguka kwa kasi iliyozidi ya mwenzake kwa asilimia 15, na katika zile futi 10,000 atatangulia kama sekunde saba. Kwa timu inayotaka kushikana mikono angani, sekunde saba ni umbali wa kutokuonana. Ndiyo maana wepesi huvaa mikanda ya risasi, nao wazito huvaa suruali na mikono mipana inayoshika upepo.

La pili ni mkao. Anayesimama kichwa chini anaanguka kwa kilomita 250 na zaidi kwa saa. Katika mashindano ya kasi, washindi wamepita kilomita 500. Upande wa pili wapo wanaovaa vazi la mabawa, kitambaa kilichoshonwa kati ya mikono na kiwiliwili na kati ya miguu. Mwezi Aprili 2012, Jhonathan Florez wa Colombia aliruka kwenye jimbo la La Guajira kutoka mita 11,358 na kuelea kwa dakika 9 na sekunde 6 kabla ya kufungua mwavuli. Ukigawanya, hata kama angeshuka mpaka ardhini kabisa, wastani wake haufiki mita 21 kwa sekunde kwenda chini. Hewa ileile, mwili uleule, muda mara nyingi zaidi.

Hapa pia ndipo siri ya mruko wa wawili ilipo. Mkufunzi na mteja waliofungwa pamoja wana uzito wa watu wawili lakini hewa inakutana na eneo la mmoja na kidogo. Wakiachwa hivyo wangeelekea kilomita 280 kwa saa, na mwavuli ukifunguka kwa kasi hiyo ungewakung'uta vibaya. Kwa hiyo sekunde chache baada ya kutoka, mkufunzi anatupa nyuma yake kimwavuli kidogo, hata meza ya kulia chakula ni pana kuliko hicho, kinachowaburuza na kuwarudisha kwenye kasi ya mtu mmoja. Bila hicho sekunde 41 zisingefika 32.

La tatu ni hewa yenyewe. Kwenye mita 4,000, ujazo uleule wa hewa una theluthi mbili tu ya uzito ulio nao ufukweni. Anayeanguka kule juu huenda kasi zaidi kidogo kuliko atakavyokuwa akikaribia kufungua, yaani anapunguza mwendo huku akiendelea kuanguka, jambo ambalo mteja hawezi kulihisi. Kwa sababu hiyohiyo mruko wa futi 12,000 juu ya Diani, penye usawa wa bahari, hautakuwa na muda mmoja na mruko wa futi 12,000 uliopigwa juu ya nyanda za Nairobi zilizoko karibu mita 1,700. Kule bara kila kitu, kuanguka na kushuka kwa mwavuli, kingekwenda kasi zaidi kwa asilimia nane au tisa.

Kwa vimo vya kawaida tofauti hizo ni za sekunde chache. Ukipanda sana, kanuni inaanza kukosea waziwazi. Mwezi Julai 2016, Luke Aikins wa Marekani aliruka bila mwavuli wowote kutoka futi 25,000 huko Simi Valley, California, akatua salama kwenye wavu wenye upana wa mita 30 hivi. Kanuni yetu ingempa sekunde 145. Yeye alitumia kama dakika mbili, kwa kuwa nusu ya safari yake ilipita kwenye hewa nyepesi.

Sasa turudi jangwani. Kwenye mita 39,000 hewa haifiki hata asilimia moja ya ile ya ufukweni. Baumgartner alianguka pale kana kwamba hakuna kitu: baada ya sekunde 34 alikuwa ameipita kasi ya sauti, na kwenye sekunde ya 50 alikuwa anakwenda kilomita 1,357 kwa saa. Kilomita nyingi za juu alizila kwa muda mfupi sana, na hewa nzito ilipompunguza mwendo alikuwa amebakiza kipande kidogo. Kittinger naye alikuwa na kimwavuli cha kumzuia asizunguke kama pia, kilichofunguka muda mfupi baada ya kutoka na kumshika njia nzima. Kasi yake ya juu ilikuwa kilomita 988 kwa saa. Aliyeanzia chini alichelewa kwa sababu alikuwa ameshikiliwa. Mwaka 2014, Alan Eustace, aliyekuwa mkuu katika kampuni ya Google, alithibitisha jambo hilohilo: alitoka zaidi ya mita 41,400, juu kuliko wote wawili, akiwa na kimwavuli kama cha Kittinger, akaanguka dakika 4 na sekunde 27. Watu watatu, vimo vilivyopishana kwa kilomita kumi, na muda uliopishana kwa sekunde kumi na sita.

Kufunguka kwa mwavuli kunahitaji maneno machache. Kunachukua sekunde tatu hadi tano, na kunakula mita 150 mpaka 250. Hakufanywi ghafla kwa makusudi: kipo kitambaa cha mraba kinachoteremka polepole kwenye kamba ili mwavuli usitanuke kwa kishindo.

Kisha inakuja sehemu ndefu ambayo hakuna anayeiweka kwenye tangazo. Mwavuli wa siku hizi wa michezo ni bawa la kitambaa lenye vyumba vinavyojaa hewa, ubunifu wa Domina Jalbert wa Marekani wa miaka ya 1960. Bawa hilo haliangushi mtu wima. Linakwenda mbele huku likishuka. Mwavuli mkubwa wa watu wawili, ukiachwa uende wenyewe, hushuka kama mita 5 kwa sekunde. Katika mfano wetu zimebaki mita 1,475 hivi. Gawanya kwa tano: sekunde 295, dakika tano kasoro sekunde tano. Jumlisha vyote, na kutoka mlango wa ndege mpaka kukanyaga mchanga ni dakika 5 na sekunde 40. Kule kuanguka kulikompa mteja roho mkononi, ambako ndiko alikolipia, ni sehemu moja kati ya nane.

Lakini hizi dakika tano si za kuandikiwa mkataba. Mkufunzi akivuta mshiko wa upande mmoja, bawa linalala na kuzunguka, na mwendo wa kushuka unakuwa mara mbili au zaidi. Akiona mteja amekunja uso na kushika tumbo, anaacha mizunguko na kumshusha taratibu, na dakika tano zinakuwa sita. Mzoefu mwenye mwavuli mdogo, anayefungua kwenye futi 3,000, anaweza kuwa ametua baada ya dakika mbili. Jambo moja ambalo watu hulidhania bure ni upepo. Upepo wa kawaida unaotoka baharini unaweza kumpeleka mtu mbali na pale alipopanga kutua, lakini kama unavuma sawasawa kwa ulalo, haumwongezei wala kumpunguzia hata sekunde moja.

Askari wa miavuli hawana hata anasa ya kuanguka. Kamba iliyofungwa ndani ya ndege huwafungulia mwavuli mara tu wanapotoka, na makusudi ni wakae hewani muda mfupi kadiri iwezekanavyo, maana aliye hewani ni shabaha. Kutoka futi 1,000, chini ya mwavuli wa duara unaoshuka kama mita 6.7 kwa sekunde, ni sekunde 45. Wengine hufanya kinyume: huruka kutoka mita 8,000 wakiwa na oksijeni, hufungua papo hapo, na kusafiri kimyakimya zaidi ya dakika 20 wakivuka makumi ya kilomita.

Kinachoyumbisha makadirio yote ni hewa inayopanda, na aliyelijua hilo kuliko binadamu yeyote ni William Rankin, rubani wa kikosi cha wanamaji cha Marekani. Jioni ya tarehe 26 Julai 1959, injini ya ndege yake ya kivita aina ya F-8 ilizimika akiwa kwenye futi 47,000, juu ya mvua ya radi kwenye pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Alijirusha akiwa na sare ya kawaida ya kurukia, katika baridi ya nyuzi 50 chini ya sifuri. Mwavuli wake ulikuwa na kifaa cha kuufungua wenyewe kwenye futi 10,000. Tukimfanyia hesabu: kuanguka karibu dakika tatu, kushuka chini ya mwavuli karibu dakika saba na nusu. Takriban dakika kumi na moja kwa jumla.

Alikaa hewani dakika 40.

Mwavuli ulifungukia ndani ya wingu lenyewe. Mikondo inayopanda ndani ya wingu la radi inaweza kuwa na kasi ya mita 20 kwa sekunde na zaidi, na mwavuli unaoshuka mita 6 au 7 kwa sekunde hauna ubavu wa kushindana nayo. Rankin alirushwa juu, akaangushwa, akarushwa tena, huku mvua ya mawe ikimpiga na maji yakiwa mengi kiasi kwamba aliogopa kuzama akiwa angani. Mwishowe wingu lilimwachia, akaangukia msituni katika jimbo la North Carolina, akatazama saa yake. Alipona, akaandika kitabu, na aliishi miaka mingine hamsini.

Saa ya kichwani ni habari nyingine. Waliotua hupishana sana: mmoja anaapa kwamba kuanguka kulikuwa kufumba na kufumbua, mwingine anasema kulikuwa hakuishi. Mwaka 2007 watafiti Chess Stetson, Matthew Fiesta na David Eagleman walichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Dallas, ambako watu waliangushwa kinyumenyume kutoka mita 31 hadi kwenye wavu, kuanguka kwa sekunde mbili na nusu. Walipoambiwa wakadirie muda wao wenyewe, walitaja muda uliozidi kwa asilimia 36 ule waliokadiria kwa wenzao. Lakini macho yao hayakusoma tarakimu zinazobadilika haraka vizuri kuliko kawaida, kwa hiyo muda wenyewe haukuwa umepungua mwendo kwao. Kumbukumbu ya hofu ndiyo iliyokuwa imejaa. Laurie Campbell na Richard Bryant, waliowachunguza warukaji wapya, waliona kitu kinachofanana: aliyeogopa zaidi aliona muda umekwenda polepole, aliyefurahia zaidi akaona umekimbia.

Kwa hiyo kumwuliza jirani aliyewahi kuruka ni njia mbovu ya kupata makadirio. Warukaji wenyewe hawajiamini kwa hilo hata kidogo. Wanavaa altimita mkononi, saa inayoonyesha futi badala ya dakika, na wengi wana nyingine ndani ya kofia inayopiga mlio kwenye kimo walichopanga. Mgongoni kuna kifaa cha tatu. Maarufu zaidi, CYPRES, kilibuniwa na Mjerumani Helmut Cloth na kuingia sokoni mwaka 1991: kikihisi mtu yuko kama mita 225 tu na bado anaanguka kwa kasi kubwa, kinafungua mwavuli wa akiba bila kumwuliza. Kwa kasi ya mita 54 kwa sekunde, mita 225 ni sekunde nne.

Katika mashindano ya kuunda maumbo angani, hesabu hizi zimekuwa kanuni. Timu ya watu wanne ina sekunde 35 za kukusanya alama tangu kutoka ndegeni, timu ya wanane ina 50, na kamera ndiyo shahidi. Wanane hupandishwa juu zaidi, na ukizidisha sekunde 15 za ziada kwa mita 54 utajua ni kwa kiasi gani: mita 810 hivi.

Anayepanga siku yake afanye hesabu ya upande wa kupanda pia. Ndege ndogo ya Cessna yenye injini ya pistoni inaweza kutumia dakika 20 hadi 30 kufika juu. Ile ya injini ya tabini hufika kwa kama dakika 15. Akishatoka mtu wa mwisho, rubani wa tabini anashusha pua ya ndege na kuteremka kwa kasi kuliko mwavuli wowote uliofunguka. Mara nyingi ndege huwa imeshatua na kupakia wateja wengine, nao wale wa kwanza bado wako juu ya minazi wanazunguka.